Sentensi Kumi za Mpimaji

Watu wanadhani mtu anayechapa hasomi. Wanakuletea barua za talaka, vyeti vya hospitali, maombi ya kazi ambayo uongo umeanzia mstari wa kwanza, kisha wanasimama mbele ya meza yako wakiangalia saa, wala hawajiulizi kama una macho. Kwao wewe na mashine ni kitu kimoja. Wanafunzi wa ghorofani wananiita Dada Mashine, na wakiniita naitika, maana mteja ni mteja.

Ghorofani ni shule ya Kifaransa. Naiita shule kwa heshima tu. Ni chumba kimoja chenye madawati kumi na mawili, ubao uliopasuka kona, na Mwalimu mwenye mashati mawili, moja la bluu na jingine lililokuwa la bluu. Mimi niko chini yake, kwenye duka langu la kuchapa na fotokopi, na kwa miaka sita kila zoezi na kila mtihani wa shule ile umepita mikononi mwangu. Miaka sita, jamani! Hata mbuzi angeshika maneno mawili matatu. Nilianza kwa kuchapa herufi moja moja na vile vialama vyao vya juu, bila kuelewa kitu. Mwaka wa pili nikaanza kuelewa. Mwaka wa tatu nikaanza kumwona Mwalimu akikosea, nikawa namsahihisha kimyakimya.

Yeye akaona, akanyamaza. Tangu siku hiyo akawa analeta kurasa moja moja. Asubuhi ukurasa mmoja, mchana mmoja, alasiri mmoja, na kila mara anasimama kidogo mlangoni kana kwamba amesahau alichotaka kusema. Mtu mzima, ana digrii, anashuka ngazi kumi na nne mara tatu kwa siku kwa karatasi tatu! Nilimwona, nikamdharau, nikamrudishia karatasi zake. Mimi nilikuwa na mchumba.

Mchumba wangu alikuwa mpima ardhi, kwa hiyo nitamwita Mpimaji. Jina lake halisi sitaki kulitia mdomoni, nimekwisha kupiga mswaki.

Alikuja dukani miaka minne iliyopita na ramani ya kiwanja, anataka ipunguzwe iingie kwenye karatasi ndogo. Nikamwambia ikipunguzwa hivyo vipimo havitasomeka. Akaniangalia. Nitasema kweli hata kama inaniaibisha: macho yale yalinimaliza. Alikuwa na namna ya kukutazama polepole, akianzia kwenye mikono, akipanda, na akifika usoni anatulia hapo kama mtu aliyefika kwao.

"Basi niambie wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi najua ardhi tu. Karatasi sijui."

Siku hiyo niliitia ramani yake kichwa chini mara mbili. Na sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Mwaka wa kwanza alisema tusubiri apande cheo. Akapanda. Mwaka wa pili alisema tusubiri mama yake apone. Akapona. Mwaka wa tatu mama mtu, sasa akiwa na nguvu zake zote, alitaka kwanza anione. Akaja dukani, mkoba kwapani, akasimama palepale wanaposimama wateja.

"Wewe ndiye wa fotokopi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nirudufie hiki kitambulisho. Pande zote mbili."

Nikarudufu pande zote mbili. Nikamtolea kiti, hakukaa. Nikamwuliza hali, akasema anashukuru. Akanipima kutoka visigino hadi utosini, na sasa nikajua kazi ya upimaji mwanawe ameirithi wapi. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, si kwangu, kwa mtaa mzima: "Mwanangu ana macho mazuri kabisa. Sijui hapa yaliona nini."

Nilipomweleza Mpimaji, alicheka. "Mama ndivyo alivyo. Mzoee."

Nikamzoea. Mwanamke anayependa anaweza kuzoea hata msumari kwenye kiatu.

Mwaka wa nne ikaja kazi ya ng'ambo. Kampuni kubwa, mradi mkubwa, katika nchi wanayozungumza Kifaransa. Sharti moja tu: alete barua ya shule kwamba amefaulu mtihani wa mazungumzo. Ndipo mchumba wangu akaanza kupanda zile ngazi kumi na nne, daftari mkononi, akipita mbele ya dirisha langu akinipungia vidole viwili. Wiki ya kwanza nilijitolea.

"Ukitaka tusome pamoja, nitakusaidia."

"Wewe?" Akanishika kidevu, akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mpenzi, Kifaransa si kuchapa. Kinataka akili itulie."

Ningeweza kumjibu papo hapo kwa Kifaransa akaanguka chali, lakini kiburi nacho kina wakati wake. Nilisema moyoni, siku moja atajua mwenyewe, atashangaa, atajivunia. Nilikuwa nikiipanga siku hiyo nikiwa napiga pasi.

Halafu, mwezi mmoja kabla ya mtihani, akaegemea meza yangu baada ya wateja kuondoka, akanishika mikono yote miwili.

"Nataka kukuomba jambo kubwa."

"Omba."

"Nikifaulu, naondoka mwezi wa sita. Niende, nijipange, nipate nyumba. Miaka miwili tu, kisha nakuja kukuchukua. Utanisubiri?"

"Mbona tusioane kwanza?"

"Kwa haraka hivyo? Nikuoe kama mtu anayekimbia mvua? Wewe unastahili kitu kizuri." Akanibusu kiganja. "Usinijibu sasa. Nijibu nikishafanya mtihani."

Nikamwambia nitafikiri. Nifikiri nini! Jibu lilikuwa limeshakaa mdomoni, nililimeza kwa ajili ya heshima tu. Ningemsubiri miwili, mitatu, mpaka meno yangu yadondoke.

Basi, turudi kwa Mwalimu na vitenzi vyake.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani huwa anafundisha wakati ujao wa karibu. Ni kitu chepesi mno. Mfaransa akitaka kusema atakula, anasema anaenda kula, hata kama amekaa kitini na sahani iko mbele yake. Unachukua kitenzi cha kwenda, *je vais*, *tu vas*, *il va*, unakibadilisha kufuata mtu anayesema, halafu unabandika kitenzi kingine nyuma yake kikiwa kizima, hukigusi. Watu wazima wenye vyeo wanatoka jasho siku tatu kwa kitu hicho. Nimewasikia kupitia dari: *je vais, tu vas, il va*, sauti za wahasibu na madaktari, zinapanda na kushuka.

Sasa Mwalimu ana mtindo wake, na mtindo huu sijausikia shule nyingine. Kila mwanafunzi anaandika sentensi kumi za mambo anayokwenda kufanya maishani mwake, na sharti ziwe za kweli. Anasema mtu akibuni, akifika mbele ya mtahini atasahau alichobuni, lakini kweli haisahauliki. Karatasi haziandikwi majina, zinapewa namba. Mwalimu anazikusanya, ananiletea, nazichapa safi, na siku ya mtihani maswali yanatoka humo humo.

Jumatano asubuhi aliniletea zote kumi na moja kwa pamoja. Hilo peke yake lingenishtua. Akaziweka mezani, hakusimama mlangoni, akapanda ngazi mbiombio.

Nikachapa namba moja, anaenda kujenga banda la kuku. Namba nne anaenda kumsamehe dada yake. Nikafika namba saba. Sikuhitaji jina. Wapima ardhi wana mwandiko wao, herufi kubwa zilizosimama wima, na tarakimu ya saba yenye mkato tumboni ili isichanganywe na moja. Nikatabasamu kama mjinga, nikasogeza kiti, nikaanza.

*Je vais partir en juin.* Ninaenda kuondoka mwezi wa sita. Hiyo naijua.

*Je vais travailler pour une grande société.* Kampuni kubwa. Sawa.

*Avant, je vais me marier.* Kabla ya hapo naenda kuoa.

Moyo ukaruka. Nikasema, mshenzi mkubwa huyu, kumbe alitaka kunishtukiza! Nikaenda mstari wa nne mbio.

*Je vais épouser la fille de mon directeur.* Naenda kumwoa binti wa mkurugenzi wangu.

Nikasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale. Wa tano, mama yake anaenda kufurahi. Wa sita, wanaenda kukaa nyumba yenye bustani. Wa saba anaenda kununua gari. Wa nane, *je vais laisser une autre femme ici*, naenda kumwacha mwanamke mwingine hapa. Wa tisa, *elle va attendre*, yeye anaenda kusubiri. Na wa kumi, ulioandikwa vizuri kuliko yote: *elle ne va rien savoir*. Hataenda kujua lolote.

Nataka mnielewe. Alijua karatasi zile nazichapa mimi. Alimwona Mwalimu akizishusha kila siku. Mtu yule aliandika siri yake yote, akaipeleka mikononi mwangu niisafishe, niipange pembeni vizuri, niitie nukta, na hakuogopa hata kidogo. Kwake yeye nilikuwa na vidole tu.

Nikaichapa. Bila kosa hata moja.

*

Shangazi, aliyenilea, alikuwa mkunga miaka thelathini, na mpaka leo anazungumza na kila mtu kama yuko kwenye uchungu. Nilipoingia nyumbani alinitazama mara moja tu.

"Sema. Usinibanie."

Nikasema. Alisikiliza huku akikunja shuka, na shuka lile alilikunja mpaka likawa dogo kama bahasha.

"Ameandika kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Na akili zake timamu?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Wengine hata kuandika hawajui, wanatoroka mdomo mtupu. Huyu wako msomi." Akaliweka shuka. "Na huyo binti wa mkurugenzi ana nini?"

"Ana baba."

"Basi. Mama wa mtu wako alikuwa anamtafutia mwanawe baba mkwe, na wewe ulikuwa unampelekea mashine." Akakaa kando yangu. "Unalia nini?"

"Silii."

"Hayo machoni ni jasho?"

"Nampenda, Shangazi. Nimesoma yote kumi, na bado nampenda. Nikisikia kiatu chake ngazini nasimama."

Nilidhani atanikaripia. Akakivuta kichwa changu begani kwake. "Mapenzi si dhambi," akasema. "Lakini mtu amekuorodhesha namba nane, mama, baada ya gari."

Hapo ndipo nililia sawasawa.

*

Alhamisi nikapanda ngazi na karatasi zilizochapwa. Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta ubao uliokwisha kufutika.

"Ulisoma namba saba?" nikamwuliza.

"Nilisoma."

"Ukajua ni ya nani na inamhusu nani."

"Nilijua."

"Ukaniletea."

Akageuka. Chaki ilikuwa imemjaa kwenye shati, lile lililokuwa la bluu. "Niliona ni haki yako ujue. Sikulala siku mbili. Nilifikiri, ukiona mwenyewe..."

"Una mdomo, Mwalimu?"

"Nini?"

"Nauliza kama una mdomo. Ngazi ni kumi na nne. Ungeshuka, ungesema: dada, mtu wako anakudanganya. Kwa Kiswahili. Maneno manne. Badala yake umeniletea nichape kifo changu mwenyewe, kisha ukakimbia."

Akajipangusa chaki shatini. "Niliogopa utadhani nasema kwa sababu zangu."

"Kwani huna sababu zako?"

Akachukua kifutio, akakiweka. Miaka yote ile ya ukurasa mmoja mmoja ilisimama katikati yetu, na hata hapo mwanamume yule alishindwa kufungua kinywa. Nikamwekea karatasi mezani. Kati ya mwongo mwenye ulimi na mkweli asiye na ulimi, siku ile sikuona wa kumsifu.

"Mtahini wa pili ni mgonjwa," akasema nilipokuwa mlangoni. "Kesho. Sheria ya shule inataka mtu ambaye hakuwafundisha, na alama yake ya mazungumzo ndiyo ya mwisho, ili mimi nisiwapendelee. Hakuna mtu hapa anayejua Kifaransa kukushinda wewe. Njoo ukae."

"Nimtahini mchumba wangu?"

"Nimekwisha kumweleza mwenye shule. Amekubali." Akainua macho, na kwa mara ya kwanza akanitazama bila kuyakimbiza. "Mpe anachostahili."

Nikaelewa anataka nini. Alitaka nimkate Mpimaji kichwa ili yeye asiloe damu. Nikamwambia nitakuja.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi nilivaa gauni langu la kijani, nikakaa upande wa kulia wa meza, kalamu mkononi. Sita walipita. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia, amenyoa vizuri, kola imepigwa pasi ikasimama. Mungu anisamehe, alipendeza.

Aliniona, akakunja uso kidogo. "Umeleta karatasi? Haya, mpenzi, toka basi, tunaanza."

"*Asseyez-vous, monsieur,*" nikasema. Kaa, bwana.

Alikaa. Akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yangu, na nikaona kwa macho yangu jinsi jambo linavyomfikia mtu polepole, kuanzia shingoni.

"Mpenzi, ngoja, hii—"

"Kwa Kifaransa, tafadhali," Mwalimu akasema.

Nikaanza na swali la kwanza. Mwezi wa sita unaenda kufanya nini? Sauti yangu ilikuwa imetulia kuliko nilivyotegemea.

"*Je vais partir.*"

"Peke yako?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipoishia. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza, akasimama, akatoka, akafeli. Angefanya hivyo, angalau ningeweka akiba ya heshima kidogo kwa ajili yake. Au angeweza kujibu. Aliyatazama macho yangu, yaleyale aliyoyatazama miaka minne, akayapima, akahesabu anachopata na anachopoteza. Kisha akakaza mgongo.

"*Non. Je vais partir avec ma femme.*" Na mke wangu.

"Mke gani?"

"*Je vais épouser la fille de mon directeur.*"

Matamshi safi. Kila kitenzi mahali pake. Nikauliza kuhusu nyumba, akajibu. Nikauliza mama anaenda kusema nini, akajibu kwamba mama anaenda kufurahi sana. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kuchangamka, wallahi, jasho likamkauka. Alikuwa anafaulu, na alikuwa anajua kwamba anafaulu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa anatazama sakafu.

"Na yule mwanamke mwingine," nikasema kwa Kifaransa, "anaenda kufanya nini?"

"*Elle va attendre.*"

"Anaenda kusubiri nini?"

Hapo akakwama. Halikuwa swali gumu, mwanafunzi wa mwezi mmoja angelijibu. Mimi nikangoja, maana nilitaka kweli kujua.

"Sijui," akasema mwisho, kwa Kiswahili.

Mwalimu akasimama, akasema anaenda kutafuta wino wa muhuri. Muongo. Muhuri ulikuwa na wino wake. Mlango ulipofungwa tu, Mpimaji akaruka kwenye kiti, akanishika mkono wenye kalamu.

"Kumbe unajua! Kwa nini hukuniambia? Sikiliza, ni mama, unamjua mama. Na mkurugenzi ndiye aliyenipa hii nafasi, ningefanya nini? Mwaka mmoja tu, nitaachana naye. Usinifelishe, nakuomba. Nikifeli kila kitu kinakwenda na maji. Kazi, safari. Mkurugenzi hampi binti yake mtu aliyebaki hapahapa na kamba ya kupimia viwanja."

"Kwa hiyo ukifeli utamwoa nani?"

Akanishangaa, kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Si wewe? Ningekuwa na nani mwingine?"

Na moyo wangu, mbwa huyu asiye na haya, ukaruka kwa furaha. Ndiyo. Baada ya yote yale! Nikaona mara moja mambo yote yalivyokuwa mepesi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Tatu juu ya kumi, na mwanamume huyu ni wangu. Angekasirika wiki mbili, angelaani, kisha siku moja jioni angeegemea meza yangu na macho yale. Mama yake angekuja na mkoba wake na safari hii angekaa kitini. Tungeoana. Ningempata mzima, mpaka uzee, na kila siku ya uzee huo ningejua kwamba nimepewa masalia.

Nikautoa mkono wangu kwenye wake. Nikaandika tisa. Moja nilimnyima kwa lile swali lililomshinda, maana haki ni haki.

Aliisoma kichwa chini kutoka upande wake, uso ukafunguka wote. "Tisa! Ah, wewe!" Akainama kunibusu, nikageuza kichwa, busu likaishia kwenye nywele. "Asante. Nilijua. Nilijua tu kwamba unanipenda."

Sikumjibu, kwa sababu hakusema uongo. Akatoka. Nikamsikia akishuka ngazi anapiga mluzi, akapita mbele ya duka langu, na viatu vyake vikapotelea barabarani.

Mwalimu akarudi bila wino. Akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisoma tena dirishani penye mwanga.

"Tisa?"

"Hukusikia alivyojibu? Amefaulu."

"Lakini ulikuwa umemshika!" Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nilimsikia akipaza sauti. "Alikaa hapa akakutukana mbele yangu, sentensi kwa sentensi, na wewe unampa barua aende akaoe? Ungemfelisha, angebaki na aibu yake."

"Angebaki, Mwalimu. Hilo ndilo tatizo. Angerudi kwangu."

"Na akirudi? Si ungemfukuza?"

Nilikusanya karatasi za watu waliobaki, nikazigonga mezani zikalingana. Nilitaka kumwambia jambo la kujigamba, na nilikuwa nayo mengi. Lakini alikuwa amesimama pale anangoja, mkweli asiye na ulimi, nikaona mmoja wetu angalau aseme jambo kwa Kiswahili.

"Nisingemfukuza," nikasema. "Mwite namba nane."